SARO 5 kwenye majaruba ya mvua: ni nzuri, mradi maji yasikatike ikichanua

Kwa mkulima wa Magu, Misungwi au Sengerema mwenye majaruba (mashamba ya mpunga yaliyozungushiwa kingo) yenye maji ya uhakika, mbegu ya mpunga ya SARO 5 (TXD 306) inastahili bei yake. Inakomaa kwa siku 120 hivi, ni fupi kuliko mpunga wa Supa hivyo hailali ovyo, inachipua sana ikipata mbolea, na harufu inayo, ingawa haifikii ya Supa. Tatizo ni pale inaponadiwa dukani kwamba "inavumilia ukame". Hapo mnunuzi anapotoshwa.

Simama kwenye jaruba la juu saa saba mchana, siku ya kumi bila mvua. Udongo wa itogolo umepasuka, majani yamejikunja kama mrija. Hapo mpunga haujafa, unabana maji. Miongoni mwa vinavyoongoza kazi hiyo ndani ya seli ni maikro-RNA, vipande vya RNA vyenye herufi 21 hivi. Kipande hushikwa na protini iitwayo Argonaute, hunasa ujumbe wa jeni unaolingana nacho, na ujumbe huo hukatwa kabla haujatengeneza protini. Watafiti walipopunguza maikro-RNA iitwayo miR166 kwenye mpunga, ujumbe wa jeni OsHB4 uliongezeka, majani yakajikunja, maji kidogo yakapotea, na mimea ikastahimili ukame. Nyingine, miR393, ilipozidishwa, machipukizi yaliongezeka na mpunga ukawahi kuchanua, ila ukawa dhaifu mbele ya ukame na chumvi. Yaani kubadili maikro-RNA kunaweza kusaidia upande mmoja na kuumiza mwingine. Pakiti ya SARO 5 haina teknolojia hiyo.

Jani lililojikunja hukunjuka maji yakirudi. Suke halina bahati hiyo. Ukame ukiangukia siku chache kabla ya suke kutoka hadi linapochanua, chavua hufa na unavuna mapepe (maganda matupu), hata kama shamba ni la kijani. Kwa hiyo hesabu kutoka mavuno kurudi nyuma: kuchanua ni kama siku 30 kabla, na siku hizo ziangukie kwenye mvua. Pandikiza miche ya siku 14 hadi 21, nafasi ya sentimita 20 kwa 20. Miche iliyokaa kitaluni mwezi na zaidi ikisubiri mvua huchipua kidogo. Inua kingo za jaruba hadi sentimita 30 na uzibe mashimo ya panya. Urea usiitupe juu ya udongo mkavu ikakaa bila maji, sehemu yake hupotea hewani.

Kwenye majaruba ya juu yanayokauka mapema, wekeni mbegu inayowahi kukomaa, mfano NERICA 4. SARO 5 iwekwe kwenye majaruba ya chini.

Kabla ya kulipa, tazama lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Ukifika nyumbani funga punje 100 kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku saba. Zikiota chini ya 80, irudishe.