Bangili ya Empatica E4: Inapima Jasho, Haisomi Moyo wa Kijana

Ndugu watazamaji, bangili ninayoichambua leo ni Empatica E4, ambayo husifiwa kuwa inatambua hisia za vijana wenye usonji, nami ningependa tuipe sifa inayoistahili na kuinyima isiyo yake. Ina vihisi vinne: kimoja hupima jinsi ngozi inavyopitisha umeme jasho linapoongezeka, kingine mapigo ya moyo, cha tatu joto la ngozi, na cha nne mwendo wa mkono. Hakuna kinachopima hasira wala hofu. Vyote hupima mwili uliosisimka, na mwili husisimka vilevile kwa kupanda ngazi, kwa jua la mchana au kwa wimbo anaoupenda kijana.

Hata hivyo, msisimko huo una thamani kubwa. Mwaka 2019 Matthew Goodwin wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti ambao ndani yake vijana 20 wenye usonji, waliokuwa wamelazwa hospitalini, walivaa bangili hii kwa jumla ya saa 87, na matukio 548 ya kuwashambulia wengine yakarekodiwa. Kwa kuchambua vipimo vya dakika 3 zilizotangulia, kompyuta iliweza kubashiri tukio dakika 1 kabla, na ilibashiri vizuri zaidi ilipojifunza kutoka kwa kijana mmoja mmoja badala ya kuwachanganya wote. Dakika hiyo si ndogo kwa mzazi ambaye mwanawe hazungumzi: inatosha kuzima redio, kuwaomba wageni watoke, na kumpeleka mtoto penye utulivu.

Linalonitia wasiwasi ni nani anayeona vipimo hivyo. Vijana wengi wenye usonji hupata shida kutaja wanachohisi, kwa hiyo naamini tahadhari ingepaswa kumfikia kijana mwenyewe kwanza, kabla ya mwalimu. Umoja wa Ulaya, tangu Februari 2025, umepiga marufuku mifumo ya kubaini hisia shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama, na mimi naiunga mkono hatua hiyo.

Kwa matumizi ya nyumbani siipendekezi E4, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya watafiti wanaojua kuchambua vipimo ghafi. Tena kihisi cha jasho hutaka kugusa ngozi ya upande wa ndani wa kifundo cha mkono bila kulegea, jambo ambalo vijana wengi wenye usonji hawalivumilii. Kabla ya kununua bangili yoyote ya aina hii, mpeni kijana wenu saa ya kawaida aizoee kwa siku kadhaa, na akiikataa, mwacheni.