Mashine ya kukata muhogo ya kuundiwa Kibuye: sampuli safi, oda ya mashine kumi yachechemea

Karakana hii ya upande wa Kibuye, Kisumu, haina mashine za kupanga dirishani. Hubuni na kuunda kwa oda ya biashara nyingine, hasa wasagaji njugu na wakusanyaji wa muhogo wa Busia na Siaya. Tunayoipima hapa ni mashine ya kukata muhogo: sampuli moja, kisha oda ya mashine kumi.

Muhogo humuumbua fundi. Maji yake hula chuma cha kawaida na vipande hutoka na madoa meusi, kwa hiyo diski, visu na faneli viwe vya stenlesi ya gredi ya 304. Fremu ya chuma kilichopakwa rangi inatosha. Sumaku husaidia nusu tu. Ikinata sana, hiyo si 304, pengine ni gredi ya 430. Isiponata usishangilie bado, maana gredi ya 201 nayo hainati na hushika kutu mapema. Dai risiti ya bati yenye namba. Hawa waliitoa bila kusukumwa.

Sampuli ilipendeza. Bati la milimita 1.5 lilishikizwa kwa nukta kwanza, likachomelewa kwa kurukaruka, ndiyo maana halikupinda. Mota ni ya mizunguko 1440 kwa dakika. Puli ya inchi 3 inavuta ya inchi 12, diski inazunguka kama mara 360. Stima ya fezi moja yatosha.

Kwenye oda ya mashine kumi mambo yakageuka. Matundu ya beringi yalipimwa kwa tepu na chaki, bila jigi, yaani kiolezo cha kushikilia kipande ili kila tundu likae mahali pale pale. Beringi mbili zikipishana milimita 2 tu, shafti hukaa upande, beringi huchemka na mkanda hutoka. Halafu ile kutu! Diski moja ya grainda ilisaga fremu, kisha ikasaga mishono ya stenlesi. Chembe za chuma zilinasa humo, na baada ya kuoshwa mara chache zikatoa madoa. Mteja hudhani ameuziwa bati bandia, kumbe kosa ni la diski. Diski za stenlesi zitengwe, na mishono ipakwe dawa ya asidi ya kuisafisha kisha isuuzwe sana.

Mkataba wao umenyamaza kuhusu mwenye jigi na mwenye mchoro wa vipimo. Yaandikwe kabla ya malipo ya awali, pamoja na idadi ya visu vya akiba, la sivyo mashine yako utaikuta kwa jirani. Umbo la mashine husajiliwa KIPI, taasisi ya Kenya ya kusajili hataza na miundo ya viwandani, kwa miaka 5, na usajili huweza kuhuishwa mara 2, ila unalinda umbo tu, si namna mashine inavyokata.

Ukitaka moja, agiza. Ukitaka kumi, lipia jigi kwanza, uione ikitumika kwenye mashine ya pili, ndipo utoe pesa za nane zilizobaki.