PHQ-9 kwenye wodi ya mifupa: fomu nzuri, ila usiiamini jumla yake peke yake

PHQ-9 ni karatasi moja ya maswali tisa ya kupima sonona, kila swali likiwa na alama 0 hadi 3. Ilichapishwa mwaka 2001, ya Kiswahili ipo, na hailipiwi; gharama ni kutoa kopi tu. Kwa wodi za mifupa za Dodoma, zinazolaza majeruhi wa bodaboda na wazee waliovunjika nyonga kutoka Bahi, Kongwa hadi Kondoa, tunaipendekeza. Ila ina mitego.

Mtego wa kwanza ni muda. Kila swali linahusu wiki mbili zilizopita. Aliyepata ajali juzi ukimuuliza leo, siku 12 kati ya 14 alikuwa mzima kazini kwake. Atapata alama ndogo na faili litaandikwa hana tatizo. Muulize akitimiza wiki mbili, urudie wiki ya sita anapokuja kupiga picha ya eksirei, kisha mwezi wa tatu. Huu wa mwisho ndio unaosahaulika, na ndio mbaya: wageni wamepungua, akiba imekwisha, na mguu bado haubebi uzito.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Usingizi, uchovu, hamu ya kula, umakini na kujongea polepole ni maswali matano yenye jumla ya alama 15, wakati alama 10 tu zinahesabiwa sonona ya wastani. Mgonjwa anayevutwa mguu kwa uzito, chuma kimepitishwa kwenye mfupa chini ya goti, hulala chali kwa wiki kadhaa bila kugeuka. Tramadol, dawa ya maumivu, inamtia kichefuchefu na kumsinzisha, na damu aliyopoteza inamchosha. Huyo atafika 10 bila sonona yoyote. Usiyafute maswali hayo. Pima kwanza maumivu kwa 0 hadi 10, mpe dawa, yakitulia ndipo uulize: je, hata maumivu yakipungua usingizi haupo?

Kisha tazama swali la 1, la 2 na la 6: kukosa hamu ya mambo, huzuni, na kujiona ameiangusha familia. Hapo mfupa hausingiziwi. Kwenye la 1 taja anayoyaweza akiwa kitandani, kama redio, mechi, au kuongea na wanawe kwa simu. Shabiki asiyetaka hata kujua matokeo amekwambia mengi.

Swali la 9, la mawazo ya kufa au kujidhuru, halisubiri jumla. Jibu lolote lisilo sifuri, hata jumla ikiwa 6, linahitaji hatua siku hiyohiyo: muulize kama ana mpango, ondoa dawa na vyenye ncha kali karibu yake, asiachwe peke yake, na umwite mtaalamu wa afya ya akili. Dodoma tuna bahati kwamba Mirembe, hospitali ya afya ya akili, iko hapahapa mjini. Na swali hili lisipitie kwa ndugu. Bibi anayejua Kigogo tu hawezi kumwambia mwanawe kwamba amechoka kuishi. Tafuta nesi anayekijua, na wageni watoke kwanza.

Mzee aliyevunjika nyonga akianza ghafla kuropoka au kuzubaa, weka fomu pembeni; huenda si sonona bali mwili una tatizo. Tafuta maambukizi, mkojo uliozuiwa, oksijeni ndogo au dawa iliyozidi.

Fomu haigusi ndoto za ajali wala woga wa kupanda tena pikipiki. Haiulizi pesa pia. Mkulima wa Chamwino aliyevunjika Desemba amekosa mwaka mzima, maana huku msimu wa mvua ni mmoja. Ongeza kwa mkono chini ya karatasi: nani analima sasa? Jibu lake humhusu ofisa ustawi wa jamii kuliko daktari.

Daktari akiamua kuanzisha fluoxetine, dawa ya sonona, ajue inachukua wiki kadhaa kufanya kazi, na kwamba ikikutana na tramadol huongeza hatari ya degedege na ya serotonini, kemikali ya mishipa ya fahamu, kuzidi mwilini. Ikikutana na diclofenac, dawa nyingine ya maumivu, huongeza hatari ya kutoka damu tumboni. Kadi ya dawa isomwe kabla.

Wodi yenye nesi mmoja kwa vitanda vingi ianze na maswali mawili ya kwanza. Jumla yake ikifika 3, mgonjwa amalize fomu nzima. Ikiwa chini ya hapo, swali la 9 bado liulizwe.