QTreeView na QFileSystemModel za Qt: mti mzuri wa kutazama, si wa kukabidhiwa mafaili

Anayetengeneza programu ya kuvinjari mafaili hukutana mapema na swali la upande wa kushoto wa dirisha: mti wa folda auandike mwenyewe tangu mwanzo, au atumie uliokwisha kutengenezwa? Kwa watumiaji wa Qt, maktaba ya kutengenezea programu zenye madirisha, uliokwisha kutengenezwa ni jozi ya QTreeView, inayochora mti, na QFileSystemModel, inayosoma diski na kuupa mti huo cha kuonyesha. Nimeitumia jozi hii, kwa C++ na Qt 6, katika programu ya kupanga nyaraka zilizoskaniwa. Kwa kuonyesha folda ninaipendekeza bila kusita; kunakili na kufuta kusiachiwe hiyo.

Sifa yake kubwa ni kwamba haisomi diski nzima. Folda husomwa pale tu inapofunguliwa, tena katika thredi ya pembeni, yaani mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na ule wa dirisha, kwa hiyo dirisha haligandi hata folda ikiwa kwenye seva ya mbali yenye mtandao wa kusuasua. QDirModel, iliyoitangulia na ambayo imeondolewa katika Qt 6, haikuwa na thredi hiyo, na mtumiaji alilazimika kusubiri. Faili likiongezwa au kufutwa na programu nyingine, mti hujisahihisha wenyewe. Hata namba katika majina hupangwa kama namba, ili «Ankara 2» itangulie «Ankara 10».

Kuiandaa kunahitaji mistari michache, ila kuna mtego mmoja. Ukiita setRootPath ukadhani mti sasa utaanzia kwenye folda uliyoitaja, utashangaa kuona bado unaanzia kwenye mzizi wa diski, kwa sababu amri hiyo huiambia modeli, yaani QFileSystemModel, pa kusoma na kufuatilia tu. Mahali mti unapoanzia huwekwa kwa setRootIndex kwenye mti wenyewe. Nyaraka za Qt zinalisema jambo hili waziwazi, ingawa wengi wetu huzifungua tukiwa tumekwisha kukwama. Safuwima za ukubwa, aina na tarehe hufichwa kwa hideColumn, na mafaili huondolewa kwa kichujio ili zibaki folda peke yake.

Kinachoudhi zaidi ni vishale. Kila folda huwekewa kishale cha kufungulia, hata ile isiyo na folda ndani yake, na ukikibofya hapatokei kitu chini yake. Sababu ni kwamba hasChildren, ambayo mti huitumia kuiuliza modeli kama folda ina kitu ndani, hujibu ndiyo kwa folda yoyote bila kuchungulia ndani. Unaweza kuiandika upya ichungulie, lakini kwenye diski ya mtandao kuchungulia huko kunaurudisha ule ucheleweshaji uliokuwa umeepukwa. Mimi ningerekebisha vishale kwa diski za ndani tu na kuviacha vilivyo kwa za mtandao.

Programu ikifunguliwa na kutakiwa kuonyesha folda iliyo ndani sana, scrollTo, amri ya kuusogeza mti hadi kwenye folda hiyo, ikiitwa mara moja huishia mahali pasipofaa, kwa kuwa matawi bado hayajasomwa. Ni lazima kusubiri ishara ya directoryLoaded, ambayo modeli huitoa inapomaliza kusoma folda.

Kwenye kushughulikia mafaili ndipo sifa zinapokoma. Modeli huanza ikiwa ya kusoma tu. Ukiiruhusu kuandika, kubadilisha majina hufanya kazi vizuri. Lakini mtumiaji akiburuta vitu ili vinakiliwe, modeli huita QFile::copy, ambayo hunakili faili na si folda, tena katika thredi kuu, hivyo video nzito huligandisha dirisha lile lile lililosifiwa hapo juu. Nayo remove, amri ya modeli ya kufuta, hufuta moja kwa moja, folda pamoja na vyote vilivyomo, bila kupitia pipa la taka. Hapo ni afadhali kuita QFile::moveToTrash, iliyopo tangu Qt 5.15, na kuandika kazi ya kunakili katika thredi yake yenyewe ikiwa na kitufe cha kuisitisha.

Kuhusu gharama, sehemu hizi za Qt zinapatikana kwa leseni huria ya LGPL toleo la 3, isiyomlazimu mtumiaji kufungua msimbo wa programu yake, au kwa leseni ya kulipia. Anayetumia Python na hataki kufungua msimbo wake achague PySide6, maktaba ya kuitumia Qt kutoka Python inayofuata LGPL hiyo hiyo, kwa kuwa mwenzake PyQt6 hutolewa kwa GPL, leseni inayodai msimbo wa programu inayosambazwa ufunguliwe, au kwa malipo.