Nguo ya mtumba ina doa? Dawa za kununua, kuanzia iliyo bora

Pale soko la Kongowea, Mombasa, robota likishafunguliwa na wateja wa mapema wakachagua, nguo zenye madoa hubaki kwenye rundo la bei ya kutupa. Humo mna mashati ya pamba na magauni ya kitani yasiyo na kasoro nyingine yoyote. Inasikitisha yakiishia kuwa matambara ya kupigia deki, maana madoa mengi hutoka. Kinachoua nguo mara nyingi ni dawa: watu hukimbilia jiki kwanza, ilhali ilistahili kuwa ya mwisho.

Kabla hujalipa, inua nguo juani. Kama kitambaa kimelika pale penye doa, iache. Kama ni kizima, taja hilo doa upunguziwe bei.

1. Dawa ya madoa ya unga, isiyo na klorini

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua hii. Tafuta pakiti iliyoandikwa sodiamu pakaboneti (kwa Kiingereza, sodium percarbonate). Ikiingia majini hutoa haidrojeni peroksaidi, inayoondoa rangi ya chai, matunda na jasho na kuziachia nguo nyingi rangi yake. Wengi huilaumu bure kwa sababu wametumia maji baridi, tena kwa dakika kumi. Iyeyushe kwa maji ya nyuzi joto 40 hadi 60, kama lebo ya nguo inaruhusu, uloweke saa kadhaa au usiku kucha. Manjano ya kwapani huenda yakataka kurudiwa. Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani, na hariri na sufu usizitie kabisa. Doa la damu lianze kwa maji baridi, kwani joto huligandisha.

2. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo

Bei yake ni ndogo na kwa mafuta haina mpinzani: kola iliyoshika weusi, mchuzi, grisi. Ipake doa likiwa kavu, sugua taratibu, iache kidogo ndipo ufue. Kwa sisi tunaofulia maji ya kisima yenye chumvi, ina faida nyingine. Sabuni ya mche hugoma kutoa povu kwenye maji hayo na huacha utando unaofanya nguo nyeupe ionekane chafu hata baada ya kufuliwa. Suuza ya mwisho ifanye kwa maji matamu, hata kama ni ya kununua kwa mtungi.

3. Ndimu na chumvi

Hii ni kwa kutu tu, ile inayoachwa na vifungo na zipu. Kamulia ndimu, nyunyiza chumvi, anika juani, kisha suuza vizuri. Ni kwa nguo nyeupe, kwa sababu nguo ya rangi inaweza kupauka. (Manjano ya bizari yaliyobaki baada ya kufua hayahitaji hata ndimu; jua lenyewe huyafifisha.)

4. Rangi ya kutia nguo

Doa likikataa kabisa, ifunike nguo nzima kwa rangi nyeusi au bluu iliyokoza. Pamba na kitani hushika vizuri. Poliesta haishiki rangi ya kawaida, na hata kwenye shati la pamba uzi wa mshono mara nyingi ni poliesta, kwa hiyo utabaki na rangi yake ya zamani. Toa mafuta kwanza, la sivyo doa litajitokeza tena.

5. Jiki

Inafaa pamba nyeupe pekee, ikiwa imechanganywa na maji mengi, kwa muda mfupi. Huharibu hariri na sufu, hudhoofisha kitambaa cha kuvutika, hufanya madoa ya jasho yazidi umanjano na kutu ikolee. Usiichanganye kamwe na ndimu wala siki: hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu. Kama umeshapaka ndimu, suuza nguo mpaka harufu iishe kabla ya kufikiria jiki.