Magari yanayojiendesha Nairobi: yatengewe leni, au barabara zote zirekebishwe?

Kutenga leni kunavutia kwa urahisi wake. Expressway, barabara ya kulipia ambayo sehemu yake hupita juu ya nguzo, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, tayari imejitenga: bodaboda haziruhusiwi, hakuna anayevuka kwa miguu. Gari linalojiendesha lingetulia huko. Lakini lazima literemke, na huku chini ndiko kazi iliko. Kuchora rangi tu hakutengi leni. Mstari mwekundu wa mabasi ya kasi ulichorwa Thika Road mwaka 2018 na matatu zikaendelea kuukanyaga.

Njia ya pili ni kurekebisha barabara tunazotumia sote. Kamera ya gari hutafuta mstari mweupe. Mvua ikinyesha usiku, lami hung'aa kwa taa za magari na mstari uliofifia hupotea kabisa. Hata mimi huishia kufuata taa za nyuma za gari lililo mbele. Rangi yenye shanga za kioo, kubwa kiasi cha kutofunikwa na maji ya mvua, hurudisha mwanga, ikamfaa dereva na kamera pia.

Taa za trafiki nazo zinaweza kulijulisha gari kwa mawimbi ya redio kwamba nyekundu inakaribia. Shida ni afisa anayesimama katikati ya makutano akipitisha magari huku taa ni nyekundu. Gari limtii nani? Asipopewa kidhibiti cha kubadilisha taa yenyewe, mawimbi hayo yatakuwa yanadanganya.

Mimi ningeanza na rangi. Mama anayevuka na mtoto mgongoni kwenye zebra iliyofutika anaihitaji leo, gari hilo lije lisije.