Njia ya Staudinger au ya Carothers?

Vijana wanaosomea kemia ya polima (molekuli ndefu kama za mpira na plastiki) hapa Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, huniuliza: nibaki chuoni niandike makala, au nishuke Eneo la Viwanda? Huwa nawapa watu wawili wa kujipimia.

Hermann Staudinger, Mjerumani, alibaki chuoni. Mwaka 1920 aliandika kwamba mpira na vitu kama hivyo ni molekuli ndefu mno, vipande vidogo vilivyoshikana kama mnyororo. Wakemia wakubwa wa zama zake walimpinga kwa miaka. Hakunyamaza. Alipima mnato wa miyeyusho, akachapisha, akapima tena, mpaka Tuzo ya Nobel ikamfikia 1953 akiwa na miaka 72. Kwenye njia hii machapisho ndiyo mali yako, nayo huiva polepole sana.

Wallace Carothers aliacha kufundisha Harvard, akaingia kampuni ya kemikali ya DuPont, Marekani, 1928. Mwaka 1930 maabara yake ikatoa neoprini, aina ya mpira bandia, na 1935 ikatoa nailoni. Kasi ya ajabu! Naye alichapisha, tena makala nzito, ila hataza, yaani haki za kisheria za uvumbuzi, zilikuwa za kampuni.

Mimi naelemea kwa Staudinger, kwa sababu kilichochapishwa hata mwanafunzi wa Kisumu atakisoma. Lakini tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, kuna kazi tele ya kutafuta vifungashio mbadala. Anayetaka kuiona bidhaa yake sokoni Gikomba, aende kiwandani. Kabla ya kutia sahihi mkataba, aulize kama ataruhusiwa kuchapisha.